Kumwagilia Mboga kwa Maji ya Mto Bila Kupeleka Bakteria Sugu Sokoni: Mwongozo kwa Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini

Mkulima anayemwagilia bustani kwa maji ya mto huko Mbeya, Iringa au Njombe huenda amekwisha kusikia, redioni au kwenye mkutano wa kijiji, kwamba majini mna bakteria waliozoea dawa, na mara nyingi habari hiyo humfikia bila neno lolote kuhusu anachopaswa kufanya. Jambo la kwanza la kulijua ni hili: usugu wa bakteria hao ni usugu dhidi ya dawa za hospitali na za mifugo. Si usugu dhidi ya jua, wala moto, wala ukavu, wala klorini. Bakteria aliyeishinda amoksilini au tetrasaiklini hufa juu ya jani la chainizi lililopigwa na jua kama wanavyokufa wenzake wasio sugu, na hufa vilevile ndani ya sufuria inayochemka, hata Mbeya mjini ambako, kwa sababu ya mwinuko wa mita zipatazo 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Kwa hiyo mkulima hahitaji kununua dawa mpya ya kupambana nao. Anachohitaji ni kupanga vizuri muda, jua na njia ambayo maji yanapita kabla ya kufika kwenye jani.

Ni vema pia kuelewa madhara yanavyotokea, kwa sababu hayatokei kama watu wengi wanavyofikiri. Mtu anayekula kachumbari yenye E. coli sugu (bakteria wa utumboni na kinyesini) anaweza asiumwe tumbo kabisa. Bakteria huyo huingia utumboni, akatulia humo kwa wiki au miezi, na akiwa humo anaweza kuwagawia bakteria wengine kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plazimidi, ambacho ndicho hubeba maelekezo ya kuishinda dawa. Siku mtu huyo anapopata maambukizi ya njia ya mkojo, au mama anapopata homa baada ya kujifungua, ndipo sindano iliyozoeleka inapokosa kufanya kazi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya maambukizi ya bakteria sugu. Hakuna anayeweza kusema wangapi kati yao walianzia kwenye jani la saladi, lakini njia ya kutoka mtoni hadi utumboni ni fupi, na sehemu yake kubwa imo mikononi mwa mkulima.

Tembea kandokando ya mto kwanza

Kabla ya kuchimba shimo lolote au kununua mpira wowote, panda na mto kuelekea unakotoka, kilomita mbili au tatu, na uangalie kila kinachoingia majini. Angalia vyoo vya shimo vilivyochimbwa karibu na ukingo, mabanda ya kuku na ya nguruwe, machinjio, mahali ng'ombe wanaponyweshwa, mifereji inayotoka kwenye makazi, na mahali maji ya mabwawa ya majitaka yanapoachiliwa. Sehemu kubwa ya viuavijasumu anavyomeza binadamu au mnyama hutoka mwilini kwa njia ya mkojo na kinyesi ikiwa bado na nguvu, na hutoka pamoja na bakteria waliozoea dawa hizo. Ndiyo maana palipo na kinyesi ndipo penye usugu, na ndiyo maana mkulima anayejua kinyesi kinaingilia wapi anajua tayari zaidi ya nusu ya anachohitaji kujua.

Matembezi hayo yafanyike mara mbili. Mara ya kwanza iwe mwezi wa Septemba au Oktoba, wakati mto umepungua na majitaka yanachukua sehemu kubwa ya kinachopita, kwa kuwa hakuna maji ya kutosha ya kuyachanganya. Mara ya pili iwe mvua zinapoanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, wakati uchafu wote uliolala juu ya ardhi tangu Mei unaposombwa kwa siku chache. Wengi wetu huogopa kiangazi na kushangilia mvua, ilhali maji mekundu ya mvua za kwanza huwa machafu kuliko yote ya mwaka. Siku hizo tatu au nne za mwanzo, kama una namna nyingine yoyote, usichote mtoni kabisa. Na kwa kuwa mvua yenyewe inamwagilia, hasara yake ni ndogo.

Ukishajua uchafu unapoingilia, sogeza mahali pa kuchotea ili pawe juu ya hapo. Palipo na banio la pamoja jambo hili haliko mikononi mwa mkulima mmoja, na huko Usangu, ambako maji yanayotoka kwenye jaruba moja huingia kwenye jingine, mwenye shamba la chini hupokea maji yaliyokwisha kupita kwa wenzake wengi. Hapo njia ni kulizungumza kwenye chama cha watumiaji maji, na kwa upande wa shamba lako kuongeza nguvu katika hatua zinazofuata.

Jambo moja dogo la uchotaji lina uzito kuliko linavyoonekana. Tope la chini ya mto huhifadhi bakteria wengi mno kuliko maji yanayopita juu yake, kwa sababu wamejishikiza kwenye chembe za udongo wakiwa wamekingwa na mwanga. Kwa miaka mingi nilikuwa naingia kijitoni na ndoo mbili, nikilivuruga tope kwa miguu yangu mwenyewe na kulichota, halafu nikajiona nimechota maji safi kwa vile juu yalionekana meupe. Weka ubao au mawe ya kusimamia ili usikanyage chini. Anayetumia pampu afunge mdomo wa mpira wa kufyonzea kwenye dumu tupu linaloelea, ili ufyonze maji sentimita ishirini au thelathini chini ya uso, mbali na sakafu ya mto.

Mashimo matatu

Hatua yenye manufaa makubwa kuliko zote kwa gharama ndogo ni kuyaacha maji yatulie kabla ya kuyatumia. Chimba mashimo matatu yanayolingana, uyatandike karatasi nene ya nailoni, na uyatumie kwa zamu: leo la kwanza linajazwa, la pili limetulia, la tatu linachotwa, na kesho zamu zinasogea. Ukubwa wake unategemea bustani. Mboga za majani hutumia kwa makadirio lita tano kwa mita ya mraba kwa siku wakati wa kiangazi, kwa hiyo bustani ya mita za mraba 200 inahitaji lita 1,000, na shimo lenye urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na kina cha sentimita sitini hubeba lita 1,200. Ziada hiyo ya lita 200 haijawekwa kwa bahati: ndiyo unayoiacha chini pamoja na tope.

Maji yatulie siku nzima bila kuguswa. Katika muda huo chembe za udongo huzama na bakteria waliozishika huzama nazo, mayai ya minyoo huzama pia, na mwanga wa jua hufanya kazi yake kwenye tabaka la juu lililoanza kung'aa. Chota kutoka juu, kwa keni iliyoinamishwa taratibu au kwa mpira unaoelea, na ukome zinapobaki zile lita 200 za chini. Ndoo inayotupwa shimoni kwa kishindo hurudisha juu kila kilichozama. Tope liondolewe mara linapojaa kiasi cha kuonekana, nalo lisipelekwe kwenye matuta ya mboga. Mahali pake ni chini ya miti ya miparachichi au migomba, likifukiwa kidogo.

Mashimo yana taabu zake. Mtoto mdogo anaweza kuzama ndani ya shimo la sentimita sitini, kwa hiyo uzio wa miti au mabanzi si hiari. Mbu nao hupenda maji yaliyotulia, lakini kwa kuwa kila shimo hutumika na kujazwa upya ndani ya siku tatu, viluwiluwi hawapati muda wa kukomaa, ilimradi usilisahau shimo moja kwa wiki mbili wakati umesafiri. Mwenye simtanki mbili au tatu anaweza kufanya kazi ileile bila kuchimba, ingawa ndani ya simtanki jua halifiki, kwa hiyo anapata faida ya kuzama tu.

Kuna wanaouliza kwa nini tusitie klorini shimoni tukamaliza kazi. Jibu ni kwamba maji ya mto yana udongo na mabaki ya majani, na klorini huishia kupambana na vitu hivyo kabla ya kuwafikia bakteria waliojificha ndani ya chembe. Ili ifanye kazi ingelazimu kutia nyingi kiasi cha kuunguza majani na kuumiza mfuko. Klorini ina mahali pake mwishoni, kwenye beseni la kuoshea. Na kuna wazo baya zaidi, ambalo nimelisikia likisemwa kwa nia njema kabisa: kumimina shimoni unga wa dawa ya kuku uliobaki ili «kuua vijidudu». Kufanya hivyo ni kuwachuja bakteria, walio dhaifu wafe na sugu wabaki peke yao wakizaliana.

Namna ya kumwagilia, na siku ya kuacha

Keni inayomiminwa kutoka kiunoni hulowesha jani juu na kurusha tope chini ya jani kwa wakati mmoja. Ishushe karibu na shina, tumia kichwa chenye matundu madogo, na tandaza majani makavu juu ya tuta ili maji yasirushe udongo. Mifereji midogo kati ya matuta ni bora kuliko keni, kwa kuwa maji hufika kwenye mizizi bila kugusa majani. Umwagiliaji wa matone ni bora kuliko yote, hasa kwa nyanya, hoho na maharage yanayopanda kwenye miti, ambazo matunda yake yananing'inia mbali na udongo. Ila mipira ya matone huziba haraka maji yakiwa na tope, kwa hiyo anayetaka kuitumia ahakikishe mashimo yake matatu yanafanya kazi vizuri kwanza.

Nikilazimishwa kuchagua kanuni moja tu katika mwongozo huu wote, nitachagua hii: acha kumwagilia kwa maji ya mto siku kadhaa kabla ya kuvuna. Bakteria waliotua juu ya jani hawako nyumbani kwao. Hukauka, huunguzwa na mionzi ya jua, hukosa chakula, na hupungua siku hadi siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 kuhusu matumizi ya majitaka katika kilimo unahesabu mambo haya kwa makumi, na hesabu yake ni rahisi kuifuata. Kupungua kwa hatua moja maana yake kati ya bakteria kumi amebaki mmoja. Hatua mbili, mmoja kati ya mia. Hatua tatu, mmoja kati ya elfu. Kila siku ya kuacha kumwagilia hupunguza kati ya nusu hatua na hatua mbili, kutegemea joto, jua na aina ya zao. Kutuliza maji, kwa makadirio yaliyokuja baada ya mwongozo huo, hupunguza nusu hatua hadi hatua moja, na mpango wa matangi matatu kwa zamu huweza kufika hatua mbili. Matone hupunguza hatua mbili kwa mazao ya chini na hatua nne kwa yale ambayo sehemu inayoliwa haigusi udongo. Kuosha kwa maji safi ni hatua moja, kuosha kwa dawa ya klorini ni mbili, kumenya ni mbili, na kupika ni sita hadi saba.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba hatua hujumlishwa. Mkulima wa saladi pale Uyole, Mbeya, ambaye maji yake yametulia siku nzima amepata hatua moja. Akiacha kumwagilia siku mbili za jua kali amepata mbili zaidi. Na mlaji akiosha kwa dawa zinaongezeka nyingine mbili. Jumla ni tano, yaani kati ya bakteria 100,000 waliochotwa mtoni amebaki mmoja, na hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyohitaji mtambo.

Sasa, nyanda za juu si pwani. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi za Uporoto zinapokuwa na baridi ya kuganda na ukungu haupandi mpaka saa nne, bakteria hudumu zaidi juu ya jani, kwa hiyo siku mbili hazitoshi, hesabu nne. Baridi hiyohiyo ndiyo inayotusaidia, kwa sababu chainizi iliyonyimwa maji siku nne katika Julai ya Mbeya hainyauki kama ambavyo ingenyauka Dar es Salaam. Mwezi wa Oktoba hali hugeuka: jua ni kali na siku mbili zinatosha kuwaua bakteria, lakini mboga zenyewe hulalamika, hupungua uzito, na mnunuzi anayepima kwa fungu huona. Mwenye kisima, maji ya bomba au maji ya mvua yaliyovunwa atumie hayo kwa umwagiliaji wa mwisho mmoja au miwili tu. Gharama yake ni ndogo kwa kuwa ni kwa siku chache, na faida ni karibu sawa na kuacha kabisa.

Chagua pia zao kulingana na maji. Saladi, kotimiri, karoti, matango na vitunguu vya majani huliwa vibichi, kwa hiyo vipewe maji yaliyo bora zaidi uliyonayo. Sukumawiki, kabichi ya kupika, viazi mviringo na mahindi hupita jikoni, na moto unafanya kazi kuliko hatua nyingine zote kwa pamoja. Kabichi inahitaji tahadhari, kwa sababu ileile inayopikwa nyumbani hukatwa mbichi na kuwekwa kando ya chipsi.

Usiharibu kazi siku ya mwisho

Hapa ndipo wengi tunapopoteza kila tulichokipata. Mkulima anatuliza maji, anaacha kumwagilia siku nne, anavuna karoti safi kabisa, kisha anazipeleka kijitoni na kuziosha ili ziende sokoni zikiwa zinang'aa. Karoti imerudi ilikotoka, tena ikiwa na michubuko midogo ya kuvunwa inayowapa bakteria mahali pa kujificha. Bora karoti iende na udongo wake kidogo kuliko iende na maji ya kijito. Kama mnunuzi anataka iliyooshwa, ioshwe kwa maji ya bomba, au kwa maji ya shimo yaliyotulia, yakachujwa kwa kitambaa na kutiwa klorini.

Kwa kuoshea mboga zinazoliwa mbichi, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isiyo na manukato inafaa, na kipimo kinategemea nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Kama ni asilimia 3.5, tia mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai, ndani ya lita tano za maji yaliyo maangavu. Kama ni asilimia 5, vijiko viwili vinatosha. Mboga zioshwe udongo kwanza, zizamishwe dakika tano, kisha zisuuzwe kwa maji safi ya kunywa. Maji ya beseni yakianza kubadilika rangi yamwagwe na kutengenezwa mengine. Dawa hiyo isichanganywe na ndimu wala siki wakati wowote, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu.

Magunia yaliyobeba samadi yasibebe mboga. Na kuna desturi moja ya njiani: kunyunyizia mboga maji ili zifike soko la Mwanjelwa zikiwa zimechangamka. Ukimkabidhi mchuuzi mboga zako, mpatie na dumu la maji safi. Asipokuwa nalo atatumia ya mfereji ulio karibu, naye hana kosa, maana hakuna aliyemwambia.

Samadi ya kuku na dawa za mifugo

Mto si mlango pekee. Bustani nyingi za mboga pembezoni mwa miji yetu hulishwa samadi ya kuku wa nyama, na kuku hao mara nyingi wamekunywa oksitetrasaiklini au enrofloksasini tangu wakiwa vifaranga, wakati mwingine wakiwa wazima kabisa, kama kinga. Samadi yao ikitupwa mbichi kwenye tuta lililo juu ya mto, mvua inaipeleka majini, na jirani wa chini anaichota. Mkulima anayelalamikia majitaka ya mjini huku akirundika samadi mbichi ukingoni analalamikia kitu ambacho yeye mwenyewe anakiongeza.

Samadi iozeshwe kwa joto kabla ya kutumika. Changanya na pumba, majani makavu au mabua ya mahindi, lundika kwa kimo cha mita moja hadi moja na nusu, lowesha kiasi kwamba ukiminya konzi mkononi itoe unyevu bila kuchuruzika, na ufunike kwa turubai au majani ya migomba ili mvua isiipoze. Ndani ya siku chache katikati ya lundo hupata joto. Kipimo kinachotumika katika mataifa mengi ni nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, lundo likigeuzwa angalau mara tano ili kilichokuwa nje kiingie katikati. Asiye na kipimajoto achome fimbo ya chuma hadi katikati, aiache dakika kumi, kisha aishike: kama haishikiki kwa zaidi ya sekunde chache, lundo linafanya kazi. Likipoa, liache likomae miezi miwili zaidi. Aliyelazimika kutumia samadi ambayo haijaozeshwa afuate kanuni za kilimo hai za Marekani, zinazotaka ipite siku 120 kati ya kuiweka na kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yasiyougusa. Maana yake kwa mchicha haifai kabisa, bali kwa mahindi inafaa.

Uozeshaji hupunguza bakteria sana, na masalia ya tetrasaiklini hupungua pia. Masalia ya enrofloksasini ni magumu zaidi na hudumu kwenye udongo. Kwa hiyo dawa iliyo rahisi kuondoa shambani ni ile ambayo kuku hakupewa. Mpe kuku dawa akiumwa, kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, kwa siku zote zilizoandikwa, na uheshimu siku za kungoja kabla ya kuuza mayai au nyama. Ukiona kolistini kwenye pakiti, kataa: ni miongoni mwa dawa za mwisho kabisa ambazo hospitali hubaki nazo, na mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kuwa usugu dhidi yake ulikuwa umekwisha kupanda kwenye plazimidi za bakteria wa mifugo, tayari kugawanywa.

Mrututu, dawa ya ukungu yenye shaba, nao unahusika, jambo linalowashangaza wakulima wa nyanya na viazi wanaoutumia dhidi ya ukungu. Bakteria wanaoishi penye shaba nyingi hujifunza kuistahimili, na mara nyingi vinasaba vya kustahimili shaba hukaa kwenye plazimidi moja na vile vya kushinda dawa, kwa hiyo kimoja kikichaguliwa kingine kinabebwa. Haimaanishi uache kupulizia. Inamaanisha bomba la mgongoni lisioshewe mtoni, na kipimo kisizidishwe.

Weka lundo la samadi na mabanda mbali na ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na hata mwenye kinyungu (bustani ya bondeni) cha tangu enzi za babu yake, ambaye mita hizo zinammeza bustani nzima, anaweza walau kuhakikisha samadi na vyoo haviko ndani ya eneo hilo. Mianzi na nyasi ndefu zikiachwa ukingoni huchuja maji ya mvua kabla hayajaingia mtoni.

Kwa anayefanya kazi ndani ya maji kila siku ushauri ni mfupi: vaa buti za mpira, funga kidonda chochote kabla ya kushika maji, na nawa kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumshika mtoto. Ukiumwa, mwambie daktari kuwa unafanya kazi kwenye maji ya mto. Taarifa hiyo humsaidia kufikiria kipimo kabla ya dawa, na kichocho kabla ya mengine.

Kupima maji

Kipimo cha usugu wenyewe ni kazi ya maabara yenye vifaa: bakteria huoteshwa juu ya chakula kilichotiwa dawa, au huwekewa vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa ili kuona kama wataota hadi ukingoni mwake. Mkulima hahitaji kufika huko. Kipimo cha kawaida cha E. coli kinamtosha, kwa kuwa kinamwambia kiasi cha kinyesi kilichomo. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji Mbeya na Iringa, na kikundi cha wakulima kikichangia gharama, kila mmoja hulipa kidogo.

Tumia chupa iliyotakaswa inayotolewa na maabara yenyewe, si chupa ya soda iliyosuuzwa. Simama ukitazama maji yanakotoka, zamisha chupa ikiwa imeinamishwa, mdomo wake uelekee mkondo kwenye kina cha sentimita ishirini hivi, iache ijae huku ukiacha nafasi ndogo ya hewa, na ufunge bila kugusa mdomo wala ndani ya kifuniko. Andika mahali, tarehe na saa. Weka kwenye boksi lenye barafu na uifikishe ndani ya saa sita, na kwa vyovyote isizidi saa 24, kwani bakteria huongezeka au hufa njiani na jibu linakuwa la safari badala ya kuwa la mto.

Kigezo cha zamani cha Shirika la Afya Duniani, cha mwaka 1989, kiliruhusu bakteria wa kinyesi wasiozidi 1,000 katika mililita 100 kwa mazao yanayoliwa mabichi. Mwongozo wa 2006 uliacha kutegemea namba hiyo peke yake na kujenga ule mpango wa hatua za kujumlisha, lakini namba bado ni alama nzuri ya kushikia. Maji yako yakiwa chini yake, mashimo na siku za kuacha vinatosha. Yakiwa juu yake mara kumi au mia, hatua zote zifuatwe bila kuruka, na saladi ihamie kwenye maji ya kisima.

Majibu yakiwa mabaya na chanzo kikiwa kinajulikana, peleka taarifa kwa bodi ya maji ya bonde lako ukiwa na karatasi ya maabara. Anayetumia Ruaha Mkuu, Mbarali au Ruaha Mdogo yuko chini ya Bonde la Rufiji, lenye makao Iringa. Wa Kiwira na Mbaka wako chini ya Bonde la Ziwa Nyasa, Tukuyu. Wa Songwe waangalie vizuri, kwa sababu tuna mito miwili yenye jina hilo: mmoja unashuka Ziwa Nyasa na kuwa mpaka wetu na Malawi, mwingine unaelekea Ziwa Rukwa, ambalo ofisi ya bonde lake iko Mbeya. Barua iliyopelekwa kwenye bonde lisilo lake hukaa mezani muda mrefu.

Sampuli ya pili ichukuliwe mahali palepale, saa ileile, wiki mbili baada ya mvua kuanza, na nyingine ichukuliwe siku hiyohiyo kwenye shimo ambalo zamu yake ni kuchotwa. Tofauti kati ya chupa hizo mbili ndiyo itakayokuonyesha kama mashimo yako yanafanya kazi au yanahitaji kuongezwa ukubwa.